Mshono wa Nyuma wa Kidachi

Nyundo niliiweka chini baada ya Idi iliyopita. Hakuna aliyenifukuza. Ni sikio la kulia limekufa, la kushoto nalo liko njiani, na kalafati asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja: atakupikia tu, utakachokula shauri yako. Ninyi makalafati mnaoziba mishono ya vyombo hapa Kilindoni siku hizi mmeniomba niwaeleze habari za Kidachi, kile chombo cha forodha, kwa sababu mlikikuta kimekwisha kuwa kuni na kila mtu anakisimulia apendavyo. Nimekubali, ila naandika kwa mkono wangu mwenyewe na kwa hati nilizofundishwa chuoni kwetu Bwejuu. Mkiona makosa mlaumuni mwalimu wangu, keshakufa, hatajali. Habari za mshahara na za nani alipewa cheo gani hazimo humu. Hazizibi mshono.

Kidachi kilikuwa na kengele ya shaba. Wapiga mbizi waliitoa baharini, kwenye mwamba wa nje ya Jibondo, imejaa chaza na kutu ya kijani. Bwana Forodha mmoja, Mdachi mwembamba aliyependa kusoma kuliko kula, aliikwangua mpaka maandishi yakatokea, akatuambia ni kengele ya manowari ya mfalme wa Wafaransa, ya zamani za babu wa babu zetu. Akaagiza kitabu kwao. Kilipofika alitukalisha kivulini akatusomea, na mkalimani akahangaika kufuata: mahali manowari ile iliposhuliwa majini, manahodha wake mmoja mmoja, vita ilivyopigana, ilivyotekwa na Waingereza na kukombolewa, ilivyochakaa ikauzwa kwa watu waliokuja Kilwa kununua watu, na mwisho ikapotea na habari zake zikakoma. Nilimuuliza kalafati wake alikuwa nani. Alifunua kurasa mbele na nyuma, akasema hakuandikwa. Kidachi chetu hakina kitabu hata kimoja, kwa hiyo historia yake naiandika mimi, na nitaanza na kalafati.

Kalafati wa Kidachi alikuwa Fundi Feruzi. Mimi nilikuwa msaidizi wake, tena si mtoto. Nilikuwa na mke na ndevu, nimeacha ubaharia baada ya foromali, ule mti wa kufungia tanga, kunivunja mkono. Feruzi alikuwa mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa humu humu kisiwani, mali ya Bwana Seif, Mwarabu aliyekuwa na minazi ya Chole na mingine huko Utende. Bwana Seif hakumlimisha. Alimtoa kwa kila mwenye chombo kinachovuja, na vyombo vyote vya Mafia vilikuwa vikimngoja Feruzi kwa zamu.

Siku ya kwanza hakunigusisha nyundo. Alinipa pamba, akaniambia niisokote juu ya paja langu mpaka iwe uzi mnene sawa toka mwanzo hadi mwisho. Nilisokota toka asubuhi mpaka adhuhuri, paja likawa halina unywele hata mmoja, naye akaja, akaupitisha uzi vidoleni, akautupa wote. Siku ya tatu ndipo aliponiita chini ya chombo, akaniambia nifumbe macho. Akagonga mshono mmoja, akagonga wa pili, akaniuliza upi umeshiba. Mshono ulioshiba pamba hulia mlio mfupi, mkavu. Wenye njaa hulia kama mtungi. Kazi yote iko hapo, jamani. Mengine, kupaka sifa, yale mafuta ya ini la papa, kupaka chokaa na shahamu kwa nje, hayo hata mbuzi angefundishwa. Ila ile sifa inanuka, hilo msidanganywe. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu ya harufu yake. Ndivyo alivyosema, nami nimeamua kumsadiki.

Feruzi alikuwa mtu wa maneno machache na asiye na matusi, jambo ambalo kwa fundi ni la ajabu. Kitu kimoja tu alikuwa akikitaka, na kila mtu Chole alikijua: aachwe huru. Mkewe alikuwa mngwana, na kwa hiyo binti yake alizaliwa mngwana, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kitu duniani kilicho chake. Siku moja nilikuwa nikimnolea patasi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba akifa leo patasi zile zitakwenda kwa Bwana Seif, na binti yake akitaka kuzigusa itabidi aombe ruhusa.

Wadachi walikuwa wamekaa Chole miaka michache tu walipotaka chombo cha kuzunguka visiwani kukamata magendo. Bwana Seif, aliyependa sana kuonekana, aliwaambia chombo hicho atakiunda yeye, na kwamba tangu Kilwa hadi Unguja hakitaonekana kingine cha kufanana nacho. Mafundi wa Jibondo wakaja. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ukalazwa, mataruma, mbavu zake, yakasimama, mbao zikapigwa, milingoti miwili ikangoja imelala mchangani. Halafu kikafika mikononi mwetu, na mishono ya chombo kipya ni mingi kuliko siku za mtu mvivu. Bwana Seif alikuwa akija kutazama kila alasiri na kiti chake. Ndipo siku moja, mbele ya mafundi wote na mbele ya kadhi aliyekuwa amekuja naye, akatamka maneno haya: "Feruzi, chombo hiki kikienda Kilwa na kurudi ngama yake kavu, nakuacha huru, nakuandikia barua." Ngama mnaijua, pale chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika. Feruzi akambusu mkono, kisha akarudi kwenye mshono alioacha nusu. Toka siku hiyo aligonga kila mshono mara mbili, na kila nilipogonga mimi alikuja nyuma yangu kusikiliza.

Sasa nifike siku ya kushua, na hapa naomba msome polepole.

Mnajua kwamba siku ya kushusha chombo majini kuna maneno hayatajwi. Hutaji kuvuja, hutaji tundu, hutaji kuzama. Ni kuchuria, yaani kuita mkosi, na mtu akichuria siku ile hata mbuzi aliyechinjwa hamsaidii. Hayo niliyajua, baharia yeyote anayajua. Nisilolijua, kwa sababu nilikuwa mtu wa juu ya maji na si mtu wa pwani ya mafundi, ni kwamba hata nguruzi haitajwi. Nguruzi ni kile kizibo cha mti kinachochomekwa kwenye tundu la chini, nyuma, karibu na mkuku, tunalolifungua chombo kikiwa nchi kavu ili maji ya mvua yatoke. Mafundi siku hiyo huiita mlango. Hakuna aliyeniambia. Mambo ambayo kila mtu anayajua ndiyo ambayo hakuna anayekuambia.

Asubuhi Feruzi alinipa nguruzi, imefungwa pamba, akaniambia niichomeke kwa mkono tu, tutaigongelea kwa nyundo na kuipaka shahamu tukikaribia kushua. Nikaichomeka. Kisha watu wakaja kutoka kila upande, Kiegeani, Jibondo, Bwejuu kwetu, kamba zikashikwa, ngoma ikaanza, Bwana Seif na joho lake, Wadachi na kofia zao. Feruzi alikuwa huku mbele akipanga magogo ya kuteleza. Akaniita kwa sauti kubwa kuliko ngoma: "Kombo, mlango umefungwa?" Mimi nikafikiri anauliza mlango wa banda letu, lenye patasi na sifa, maana palikuwa na watu wengi na mbuzi wengi. Banda nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa kamba. Nikamjibu, "Umefungwa, fundi." Akainua mkono, watu wakavuta, na Kidachi kikaingia majini kizuri ajabu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka Mdachi mmoja akaziba masikio.

Desturi ilikuwa kwamba safari ya kwanza kalafati huenda na chombo, akae ngamani, kama anavyokaa mdhamini. Tukaenda wote wawili, Feruzi upande wa mbele, mimi upande wa nyuma, na Bwana Seif juu yetu. Kwenda kulikuwa shwari. Tulifika Kilwa ngama kavu, Feruzi akateremka ufukoni akaswali rakaa mbili, akarudi anatabasamu, na mimi sikuwahi kumwona akitabasamu kabla ya hapo. Kurudi, na mchele na karatasi za serikali tulizopakia Kilwa, ndiko kulikokuwa na kazi. Tulipoacha Songosongo bahari ikachafuka, chombo kikawa kinapigwa toka chini, na saa ya pili yake nikasikia baridi miguuni. Nikajua ni maji. Nikapapasa gizani kuelekea nyuma, kitu kikanigonga muundini, nikakiokota. Ilikuwa nguruzi. Ilikuwa inaelea.

Ndipo nilipofahamu mlango ni nini. Nasema kweli, nilifahamu pale pale, nimesimama na kile kipande cha mti mkononi na maji yakinipiga wayo kwa nguvu kama mkono wa mtu. Nikainama nikaigongelea kwa nyundo, ikashika. Feruzi akapiga kelele kutoka mbele, "Umeona nini huko?" Nami nikasema maneno ambayo nimeishi nayo. Nikasema, "Mshono, fundi. Wa nyuma, kulia kwa mkuku. Ulifunguka kidogo, nimeuziba." Tukashika upo, ile kata ya mti ya kufulia maji, tukafua mimi naye na mabaharia mpaka mikono ikafa ganzi, lakini mchele ulikuwa umekwisha lowa na karatasi zimekuwa uji. Bwana Seif alishuka akatazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinyanyua joho lake lisilowe, akasema, "Feruzi, umeona mwenyewe." Feruzi akajibu, "Nimeona, bwana."

Sikusema. Najua mtaniuliza kwa nini. Mwanzo niliogopa kupigwa, kisha nikaogopa kufukuzwa, kisha nikaona aibu, na baada ya hapo kimya kikazoea kukaa. Nilijiambia kesho. Nimekuwa mtu wa kesho maisha yangu yote.

Tulipofika Chole Feruzi alikipandisha Kidachi pwani siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, akaufungua mshono wa nyuma kulia wote, urefu wa mikono minne. Hakuona kasoro. Jambo hilo lilimtisha kuliko kama angeiona. Akaurudishia pamba upya, nyuzi mbili kama kawaida, akasikiliza, akatikisa kichwa, akatia uzi wa tatu juu yake. Ndiyo huo uzi wa tatu mnaoutia mpaka leo nyuma ya kila chombo, kulia kwa mkuku, mkiulizwa sababu mnasema ndivyo Feruzi alivyofundisha. Sasa mnajua. Ulitiwa kuziba mahali ambapo hapajavuja hata tone.

Kidachi kilitumikia serikali miaka ishirini na kitu. Kilikimbiza magendo ya kauri na mpira, kilibeba barua, kilibeba mahakimu waliotapika, kilibeba nguzo za nyumba ya bwana mkubwa na baadaye kikabeba bwana mkubwa mwenyewe katika sanduku. Milingoti ilibadilishwa, tezi ya nyuma ikaundwa upya, mbao za ubavuni zikatolewa moja moja hadi mabaharia wakawa wanataniana kwamba chombo ni kipya, jina tu ndilo zee. Mbao mbili za kando ya mkuku, nyuma, ndizo hazikutolewa kamwe. Kila mwaka Feruzi alikataa. Alisema kuna kitu humo hajakielewa. Kila mwaka tulipokipandisha alianzia hapo, analala chali mchangani, sikio limegusa ubao, anagonga, anangoja. Mimi nilikaa pembeni nikisokota pamba na kujifanya nahesabu nyuzi. Mikono yake ilikuwa bora kuliko ya mtu yeyote niliyemwona, na yeye hakuiamini tena. Zamani alikuwa akigonga mara mbili. Sasa alifika mara tano, mara sita, na manahodha walianza kulalamika kwamba mzee anachelewesha vyombo.

Vita vya Maji Maji vilipowaka upande wa bara, Kidachi kilipeleka askari na kurudi na mateka. Walitiwa ngamani, wamefungwa kamba shingoni, na kutoka mdomo wa Rufiji hadi Chole hawakupewa nafasi ya kusimama. Safari mbili zilirudi na waliokwisha kufa wamefungwa pamoja na wazima. Kazi ya kusafisha ngama ilikuwa yetu. Damu ikiingia kwenye pamba haitoki, inabidi uing'oe yote na kutia mpya, na tuling'oa magunia. Feruzi alifanya kazi ile siku tatu. Siku ya nne alinionyesha alama za kucha kwenye taruma, chini kabisa, akaniuliza kama naona. Nikasema naona. Akazipaka sifa kwa mkono wake taratibu, mpaka ubao ukawa mweusi. Mimi sikuweza kula samaki wiki nzima, na hilo kwa mtu wa Bwejuu ni kufunga.

Baada ya vita hivyo alikuja yule Bwana Forodha mwenye kitabu. Alimwona Feruzi kazini, akampenda, na aliposikia ni mtumwa akasema ofisini wanaweza kumpatia barua ya uhuru, Bwana Seif apende asipende. Mkalimani akaja na habari hiyo pwani, anatweta kwa furaha. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Feruzi. Moyo wangu ulitulia, wallahi, nikaona kumbe Mungu amenitengenezea bila mimi kufungua kinywa. Feruzi akaendelea kusokota pamba. Kisha akasema, "Mwambie bwana ahsante. Mimi nilipewa sharti mbele ya watu, na sharti sikulitimiza. Nikiuona ule mshono nitakwenda mwenyewe kuichukua." Mkalimani akamwambia amerukwa na akili. Akanigeukia mimi, akaniomba nimsemeshe fundi wangu.

Pale palikuwa mahali pangu pa kusema. Palikuwa peupe, mchana, watu watatu tu. Nikamwambia Feruzi, "Chukua barua, fundi, yaliyopita yamepita." Ndicho nilichokitoa. Akanitazama kwa huruma, akidhani nampenda kupita kiasi.

Bwana Seif alifariki, minazi ikagawanywa, na Feruzi akaangukia kwa Nasoro, mwana wa marehemu, pamoja na nyumba ile. Serikali ikahama Chole ikaja hapa Kilindoni, kwenye maji marefu. Kisha vita vya Wazungu kwa Wazungu. Wadachi wakatuamuru tukifiche Kidachi kwenye mikoko, milingoti imeshushwa, majani juu yake, na hapo kikalala kikiliwa na funza wa mti. Waingereza walipokuja walikipata kwa siku mbili, maana mtu fulani aliwaonyesha kwa nusu gunia la sukari. Wakashusha bendera, wakapandisha yao, wakakipa jina jipya kwa rangi nyeupe. Watu waliendelea kukiita Kidachi, na afisa wao kila mara alikuwa akikasirika. Kilibeba maji na kuni kwa askari mpaka kikawa hakibebi tena, kwa kuwa funza walikuwa wamekwisha kula ubavu wote. Amri ikatoka kivunjwe.

Tukakipandisha hapa Kilindoni na mashoka yakaanza. Nilimpelekea Feruzi habari kwa sababu nilijua angetaka. Alikuwa mzee sana, macho yamefanya ukungu, lakini alivuka kutoka Chole, akatembea kisiwa kizima, akaja kukaa kwenye kigogo siku nne akingoja wafike nyuma. Walipofika aliwaomba wasipasue zile mbao mbili, wazing'oe nzima. Wakamheshimu, wakamlazia mchangani miguuni pake. Mshono uliovuja, hata mara moja, huacha chumvi ndani ya ubao, mstari mweupe usiofutika. Ninyi mmeuona mara ngapi. Feruzi alipitisha vidole kwenye ukingo wa mbao toka mwanzo hadi mwisho, akalamba vidole, akapitisha tena. Zilikuwa nyeusi, kavu, zimeshiba sifa. Akaniita. "Kombo, macho yangu hayaoni vizuri. Ulisema ni hapa. Nionyeshe."

Nikamwonyesha tundu la nguruzi. Nikamwambia yote: nilivyoichomeka kwa mkono, swali lake la mlango, jibu langu la banda, kile kilichonigonga muundini. Nilizungumza nikitazama mchanga. Wavunjaji walikuwa wamesimamisha mashoka.

Alipapasa ukingo wa lile tundu kwa kidole. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mishono yangu ilikuwa mizima?"

"Mizima, fundi. Toka siku ya kwanza."

"Na siku ya barua ulikuwa umekaa kando yangu."

"Nilikuwepo."

Akajifunga shuka yake vizuri, akasimama kwa kushika kigogo, akaniambia twende kwa Nasoro.

Tulifika Chole kesho yake. Nyumba ya Bwana Seif ilikuwa imeanguka upande mmoja, Nasoro anakaa upande uliobaki. Si mtu mbaya, Nasoro. Alituletea kahawa mwenyewe. Feruzi akaniambia niseme, nikasema mbele yake na mbele ya majirani wawili, kila kitu, na safari hii sikutazama chini. Nilipomaliza Feruzi akasema, "Bwana, marehemu baba yako aliniahidi kuniacha huru ngama ikirudi kavu. Kazi yangu haikuvuja. Nimekuja kuchukua barua."

Nasoro alisikitika, niliona. Alijikuna kichwa. Akasema, "Mzee Feruzi, barua gani tena? Waingereza wamesema hakuna mtumwa hapa. Nikikuandikia kwamba nimekuacha huru, nitakuwa nimekiri kwa mkono wangu kuwa nilikuwa na mtumwa, na bwana mkubwa ataniita Kilindoni. Nenda zako tu. Hakuna anayekuzuia." Akamwongezea kahawa. Feruzi hakuinywa.

Tukateremka pwani polepole. Pale palipokuwa na banda letu zamani alisimama kupumzika, na nikadhani amechoka. Akasema, "Mimi sikuachwa huru, Kombo. Nimeachwa tu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Kuna jambo ninyi mmezaliwa mkikuta limebadilika. Zamani mngwana hakumwamkia mtumwa shikamoo, hata mtumwa awe na mvi na mngwana awe mwanafunzi wake. Miaka yote ile niliyofanya kazi chini ya Feruzi, kila asubuhi, yeye ndiye aliyeniamkia mimi, nami nilimwitikia marahaba nikiendelea na shughuli zangu, wala sikuona ajabu. Asubuhi baada ya kutoka kwa Nasoro nilikwenda kibarazani kwake. Alikuwa amekaa anasokota pamba, kwa mazoea, maana hakukuwa na chombo. Nikavua viatu, nikainama, nikasema, "Shikamoo, fundi." Mkono wake ulisimama kidogo juu ya paja, kisha ukaendelea. Nilikwenda na kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku ya masika ile yote. Alipofariki, patasi zake alichukua binti yake, hakuna aliyekuja kuzidai. Nilimwosha mimi pamoja na mkwewe, nikashuka naye kaburini. Kabla hatujamfukia nilimwamkia tena, kwa sauti, mbele ya watu wote, na wengine waliona nimechanganyikiwa. Marahaba hakunipa.